Walio Njiani

Bunge la mtaa wa Baba Dogo halina zulia wala vipaza sauti. Hukutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mabati uliokuwa kantini ya kiwanda cha sabuni, na rungu lake, lile linalowekwa mbele ya Spika kuonyesha kwamba kikao kimeanza, ni spana kubwa ya chuma iliyookotwa humo siku kiwanda kilipofungwa. Serikali hailitambui Bunge hilo, lakini watu wa Baba Dogo hulitii. Likisema maji yafunguliwe upande wa juu asubuhi na upande wa chini jioni, ndivyo inavyokuwa. Likisema fulani ahame kwa sababu anapika pombe ya chang'aa karibu na shule, fulani hufunga virago. Kila ploti, yaani kila uwanja wa nyumba za kupanga, ina viti viwili, kimoja cha mtu mzima na kimoja cha kijana, na ukiketi hapo hata mkeo sharti akuite Mheshimiwa mpaka kikao kivunjwe.

Wazee walioanzisha Bunge hilo walikuwa watu wa zamu. Mmoja wao akikawia kutoka kiwandani na karani akaita kiti chake, jirani aliyeketi kando yake alimjibia: "Yuko njiani." Ilitosha. Kiti kilihesabiwa kuwa na mtu, na kura ikipigwa kabla mwenyewe hajaingia, jirani alimpigia. Ilikuwa heshima ya mfanyakazi kwa mfanyakazi mwenzake. Baadaye kiwanda kikafungwa, zamu zikaisha, watu wakahama na wengine wakafa, lakini ile heshima ikabaki. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusimama aseme kwamba mwenzake hayuko njiani tena. Ingekuwa kama kumfukuza. Kwa hiyo miaka ikapita, viti vitupu vikazidi viti vyenye watu, na karani Luseno, aliyeyajua majina yote kwa kichwa, aliendelea kuyaita, na walio hai wakaendelea kujibu.

Jacklyne Akech aliuona huo kuwa ugonjwa wa Bunge zima. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na badala ya kukimbilia upande wa mji wenye pesa alipanga chumba katika Ploti ya Bluu, akawa anafundisha watoto wa ploti hesabu jioni, akachaguliwa kushika kiti cha kijana. Aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba watu wakipewa kanuni nzuri watakuwa wazuri. Basi akauandika Mswada wa Mageuzi Makuu. Mswada huo haukuacha kitu. Ulizipunguza kamati zilizokuwa zikikanyagana. Ulimwekea Spika kikomo cha kukaa kitini. Uliwanyima wenye nyumba nguvu ya kuzuia uamuzi wa wapangaji. Ulileta kura ya siri, ulifungua milango kwa yeyote anayetaka kusikiliza, ulitengeneza upya mambo ya maji, taka, mitaro na walinzi. Na katikati yake, kama msumari unaoshika mbao zote, kulikuwa na kifungu cha mahudhurio, chenye maneno machache tu: kiti kisicho na mtu kifutwe, na asiyekuwepo asijibiwe.

Kifungu hicho ndicho kilichomtenga na mama yake.

Rispa, mama yake, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kariobangi. Ijumaa, siku moja kabla ya mjadala, Jacklyne alimkuta akizipepeta, mafundi wa jua kali wakigonga mabati nyuma ya kibanda kiasi kwamba mtu alilazimika kuinua sauti.

"Kifungu cha mahudhurio," Rispa alisema bila kumtazama. "Kitoe."

"Mama, kikitoka hicho vingine vyote vinaanguka. Mheshimiwa Obonyo anapiga kura za makaburi. Ukipendekeza lolote anakushinda na watu ambao hata mifupa yao—"

"Mimi sisemi juu ya Obonyo. Nasema juu ya ndugu yako."

Ochola, kaka yake Jacklyne, ndiye aliyekuwa kijana wa Ploti ya Tangi, na kiti chake kilikuwa kando ya kile cha mama yao. Mwaka juzi, siku ile vijana walipoandamana kwenda mjini, alitoka nyumbani asubuhi na chupa ya maji na bendera begani, hakurudi. Walimtafuta hospitalini, wakamtafuta kwenye seli, wakamtafuta katika vyumba vile baridi ambako mtu huinua shuka na kuangalia. Hawakumpata kwa watu waliolala wala kwa waliosimama.

"Ochola ndiye aliyeuanza mswada huu," Jacklyne alisema taratibu. "Hicho kifungu ni maneno yake."

"Aliyaandika akiwa hajui yatamkata nani." Rispa aliweka ungo chini. "Kila Jumamosi Luseno anaita kijana wa Tangi, na mimi nasema yuko njiani. Niambie, nyathina, mwanangu, kuna mahali pengine ninapoweza kusema hivyo? Nikisema kanisani wananiombea. Nikisema nyumbani shangazi yako anaanza kulia. Pale Bungeni wanahesabu tu, wanaendelea."

Jacklyne alimsaidia kufunika omena, akaondoka, na kifungu akakiacha palepale kilipokuwa. Alijiambia kwamba jambo la haki haliwezi kumuumiza mama yake milele. Alikuwa bado katika umri wa kuamini hivyo.

Jumamosi ilikuja na baridi ya Julai, ile inayokaa chini ya mawingu bila kunyesha. Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi. Ukumbini mwanga uliingia kupitia mabati machache ya plastiki darini, ukawafanya watu waonekane kama walio ndani ya maji. Ng'ambo ya uzio, katika karakana, mafundi walikuwa wakigonga masufuria, na ule mlio uliwafariji watu kwa kuwa ulikuwa wa kila siku.

Spika Munyoki, dereva mstaafu wa malori aliyezungumza polepole kama mtu anayerudi nyuma kwa gari kubwa, aliweka spana mezani. "Kikao kimeanza. Karani, ita majina."

Luseno akaita. Walio hai walijibu "Nipo." Akafika kwa mtu mzima wa Ploti ya Kona, Owiti, fundi mitambo wa kiwanda cha sabuni aliyekuwa na mguu mbovu, na ambaye walikuwa wamemzika wengi wao wakiwa bado na nywele nyeusi.

"Yuko njiani," akajibu Obonyo, mtu mzima wa ploti jirani, kwa sauti iliyojaa, huku amekumbatia kiti kitupu kilichokuwa kando yake. Alikuwa mnene, mwuza vyuma vikuukuu, mcheshi wa Bunge na adui mkuu wa mswada.

"Njia gani hiyo isiyoisha, Mhesh?" kijana mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Ana mguu mbaya, mpe muda," Obonyo akasema, na ukumbi ukacheka.

Muthoki, mwanamke mshonaji wa Ploti ya Mabati, alimjibia Samatar aliyehamia Garissa. Mama Kavata, mjane, alimjibia mumewe Nzivo kwa sauti ya chini. Na zamu ya Tangi ilipofika, Rispa alisema yale maneno yake huku ametazama moja kwa moja mbele. Jacklyne aliangalia karatasi zake.

Kisha akaitwa kuuwasilisha mswada, na akausema vizuri. Alisimulia habari za maji yanayofunguliwa kwa upendeleo. Alieleza jinsi kamati ya taka na kamati ya usafi zilivyopigana juu ya toroli moja mpaka toroli likaibiwa. Watu walicheka, wakaguna, wakapiga meza. Hata Munyoki alitingisha kichwa aliposomewa kikomo cha uspika, ingawa hakuna aliyeweza kusema kama alikuwa anakubali au anajisikitikia.

Obonyo akainuka. "Bwana Spika, huyu binti yetu amesoma, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini amesoma mpaka amekuwa kama mwenye nyumba mpya. Ameingia juzi na anabomoa jikoni, choo na chumba cha kulala siku moja. Sisi tutalala wapi ukijenga?"

"Hapo hapo unapolala wakati wa vikao, Mheshimiwa," Jacklyne akasema.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Obonyo mwenyewe alicheka. Halafu akakaza uso. "Na hiki kifungu cha mahudhurio. Owiti alinifundisha kazi. Kiti hiki alikinunua kwa jasho lake. Leo tumfute kama chaki?"

"Hatumfuti, Mheshimiwa. Lakini kura unayopiga kwa jina lake si yake. Ni yako mara ya pili. Unajuaje Owiti angesema nini?"

"Namjua."

"Basi aje aseme."

Hakukusudia ubaya. Lilikuwa jibu la mjadala, la kumshinda mtu. Lakini alipomaliza kulisema alihisi ukumbi umepungukiwa na kitu, na ikamchukua muda kujua ni kitu gani. Kule karakana nyundo zilikuwa zimenyamaza.

Munyoki alikohoa. "Kifungu hiki kitapigiwa kura peke yake. Kwa desturi yetu, kabla ya kura majina huitwa tena. Karani."

Luseno alisimama. Akaita mtu mzima wa Kona.

"Yuko njiani," alisema Obonyo, safari hii bila mzaha.

Wakasikia hatua. Zilitoka upande wa uani, palipokuwa na lango la zamani la wafanyakazi, lango lililozibwa kwa matofali siku nyingi. Zilikuwa hatua za mtu mwenye mguu mmoja mzima na mmoja wa kuburuta. Zikaja taratibu kando ya ukuta wa mabati, nje, mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Kila mtu aliutazama, na hapakuwa na mtu. Hatua zikaingia, zikapita katikati ya viti, na nyuma yake ikafuata harufu ya sabuni ya kufulia, kali na mbichi, ya aina isiyouzwa tena popote. Zikakoma nyuma ya mgongo wa Obonyo.

Hakuna aliyepiga kelele. Jacklyne alikuja kushangaa jambo hilo baadaye. Labda ni kwa sababu hatua zile hazikuwa na hasira. Zilikuwa hatua za mtu aliyetumwa mbali na amechoka.

"Bwana Spika," Obonyo alisema. Jasho lilikuwa limemjaa shingoni. "Bwana Spika, niseme nini?"

"Sijui," Munyoki akajibu. "Kanuni hazisemi."

Basi wakangoja, na yule aliyesimama nyuma ya Obonyo naye akangoja. Ungeweza kusikia pumzi yake, pumzi ya kifua chenye vumbi. Obonyo alifumba macho. Midomo yake ilicheza kabla sauti haijatoka, na ilipotoka ilikuwa ya kijana anayemjibu mwalimu wake wa kazi.

"Amefika," alisema. "Karani, Owiti amefika."

Kiti kilicho kando yake kililia kidogo, kama kiti kinavyolia kikipokea uzito. Kisha harufu ya sabuni ikafifia, na pumzi ikakatika. Kikabaki kiti tu cha plastiki, chenye ufa. Obonyo alifungua macho akatazama pale, akaanza kujipangusa uso kwa kiganja, tena na tena.

"Tumekuwa tukiwaita," Mama Kavata alisema kwa upole. "Miaka yote hii tunawaambia wako njiani. Wangepumzika vipi?"

Luseno alimgeukia Spika kuuliza kama aendelee. Munyoki alikuwa ameweka mkono juu ya spana, si kwa kutishia, bali kama mtu anayeshika usukani barabara ikiwa na ukungu. "Ukianza kuita majina huwezi kuachia katikati," alisema. "Watakaa wapi wale ambao hawajaitwa? Endelea."

Akaita Samatar. Muthoki alisita, akasema, "Yuko njiani," na ukumbi mzima ukageuza masikio uani. Palikuwa kimya. Muthoki alitoa simu mfukoni, akapiga, na sauti ya Samatar ikasikika waziwazi, ikiuliza kwa nini anamsumbua mtu saa ya chakula.

"Uko hai?" Muthoki akamwuliza.

"Nitakufa kwa maswali yako," Samatar akasema.

"Basi tuambie kwamba umehama."

"Nimehama, mama. Si nimehama zamani? Nani alikuwa akisema sijahama?"

Watu wengine walicheka kicheko kifupi chenye machozi. Lakini Jacklyne hakucheka. Alikuwa ameelewa kabla ya wengine. Aliye hai haji. Anayekuja ni yule mwingine tu.

Alimtazama mama yake. Rispa alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, na Jacklyne akajua kwamba naye ameelewa.

Luseno aliita mume wa Mama Kavata. Nzivo alikuja kwa hatua nyepesi za mchonga vinyago, na mbele ya kiti kilichokuwa kando ya mkewe kukaanguka vumbi laini la mbao, kutoka hewani, kama mtu anayejipangusa suruali kabla ya kuketi. "Amefika," mjane alisema, na uso wake ukalegea. Wakaja wengine. Kila aliyeitwa akiwa mfu alikuja kwa mwendo wake, na kila mara yule aliyemjibia miaka yote alimtambua kabla hajafika mlangoni, akasema neno hilo jipya, na kiti kikalia, na hewa ikatulia. Lilikuwa jambo la kuogofya, na pia, kwa namna ambayo Jacklyne hakuweza kuieleza, ilikuwa adabu tu. Ilikuwa kazi iliyocheleweshwa.

Lakini kwa mpangilio wa ploti, Tangi ilikuwa inakaribia.

Jacklyne alisimama. Karatasi zilimdondoka, akaziacha. "Bwana Spika, hoja ya nidhamu. Mimi ndiye mwenye mswada. Naomba kukiondoa kifungu cha mahudhurio. Kwa hiyo hakuna kura. Kwa hiyo hakuna haja ya kuita majina yaliyobaki."

Munyoki alimwangalia. Yeye pia alimpenda Ochola. Kila mtu alimpenda. "Kifungu ni chako," alisema hatimaye. "Ukikiondoa, tutakoma hapa."

"Nakiondoa."

"Mheshimiwa Akech." Ilikuwa sauti ya Rispa. Hakuwahi kumwita binti yake hivyo, hata kwa utani. "Kaa chini."

"Mama, tafadhali. Sasa hivi tunaweza kwenda nyumbani. Jumamosi ijayo utasema yuko njiani, na hakuna atakayekuuliza."

"Na yeye?" Rispa akauliza. "Kama ni mmoja wao, yeye atakuwa wapi mpaka Jumamosi ijayo? Anatembea tu huko nje, kwa sababu mama yake anaogopa?"

"Labda yu hai. Mama, labda yu hai mahali."

"Labda. Basi hatakuja, na mimi nitamshukuru Mungu mbele yenu wote." Alimgeukia karani. "Luseno, mwanangu, niite kijana wangu."

Jacklyne hakuketi. Hakuweza. Luseno, ambaye hakuwahi kukosea jina hata moja, aliyumba kwenye hili, kisha akaita kijana wa Ploti ya Tangi.

"Yuko njiani," Rispa alisema.

Ukumbi ukasikiliza. Hapakuwa na kitu uani. Upepo ulisukuma bati moja lililolegea darini, ukaliacha. Mahali fulani mtoto aliita mwenzake, na Jacklyne alitambua kwamba hiyo ilikuwa sauti ya kwanza ya nje tangu nyundo ziliponyamaza. Hapakuwa na hatua. Muthoki alishika mdomo wake na macho yake yakaanza kung'aa. Obonyo alinong'ona jambo lililofanana na sala. Kimya kikaendelea, kikaanza kuwa na joto, na tumaini likapanda kifuani mwa Jacklyne mpaka likamuuma. Akamwona Luseno akivuta pumzi aite ploti inayofuata.

Ndipo ndara zilipopiga chini, mbali, zikikimbia.

Hazikutoka uani kama za wengine. Zilitoka upande wa barabara, upande wa mjini. Zilikuja mbio, zikiteleza kwenye kona, za mtu aliyejua amechelewa na anayetumaini kwamba hawajafunga. Hivyo ndivyo Ochola alivyokuja kila mahali maisha yake yote. Zilifika kizingitini zikakoma. Na wote waliokuwa wakitazama mlango, ingawa hawakuona kitu, walijua kwamba aliyesimama pale ameinama, kwa kuwa mbunge anayechelewa humwinamia Spika kabla ya kuingia.

Munyoki aliinamisha kichwa chake cha mvi, kumruhusu.

Ndara zikaja sasa polepole, katikati ya viti. Zilimpita Jacklyne karibu sana. Alisikia harufu ya jasho na ya kitambaa kilichoshika moshi wa vitoa machozi, ile hewa inayowasha macho, na macho yake yakamwasha. Alinyoosha mkono. Hakushika kitu, ila hewa ilikuwa na joto, joto la mtu aliyekimbia.

Rispa alikuwa akitazama juu, usawa wa uso wa kijana mrefu. Hakulia bado.

"Umekawia, wuoda, mwanangu," alimwambia, kwa ile sauti ya mama anayeweka sahani mezani. "Nilikuwa nakungoja."

Kisha akageuka kwa karani, akanyoosha shuka yake mabegani.

"Amefika."

Kiti kililia. Jacklyne aliketi. Rispa mwenyewe akainua kidole kuomba nafasi, kama mbunge yeyote.

"Bwana Spika, kifungu hiki kimeandikwa vibaya," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imelowa. "Kinasema kiti kifutwe. Mtu hafutwi. Naomba marekebisho. Aliyekuwa akimjibia mwenzake asimame mbele ya wote aseme kwamba amefika. Baada ya hapo asiitwe tena. Na aliyehama aseme mwenyewe kwamba amehama."

"Nani anaunga mkono?" Munyoki akauliza.

"Mimi," akasema Obonyo.

"Mwenye mswada anakubali marekebisho?"

Jacklyne alifikiria jinsi alivyoyanakili yale maneno ya Ochola, kifutwe, asijibiwe, na jinsi alivyoyaona safi na yenye nguvu. "Anakubali," alisema.

"Wanaokiunga mkono kifungu kama kilivyorekebishwa waseme ndiyo."

"Ndiyo," wakasema.

Na hapo ndipo waliposhtuka kwa mara ya mwisho siku hiyo, kwa sababu sauti ilikuwa ndogo sana. Kwa miaka mingi walikuwa wamezoea kusema ndiyo mara mbili, mara tatu, kila mtu kwa koo lake na kwa makoo ya wengine, na ukumbi ulijaa. Sasa walijisikia jinsi walivyokuwa hasa, watu wachache waliovaa makoti katika kantini ya zamani, viti vikiwa vimewazunguka kila upande, na hakuna pumzi yoyote nyuma yao. Mafundi walikuwa wameanza tena kugonga masufuria.

"Ndiyo wameshinda," Munyoki alisema. Aliiangalia ile spana kwa muda, kana kwamba ingemwambia kikao kivunjwe. Haikumwambia. "Mheshimiwa Akech. Kifungu kinachofuata."

Kijana wa viti vya nyuma alikuwa ameziokota karatasi zake na kumwekea mapajani, zikiwa zimechanganyika. Jacklyne alizipanga. Kifungu kilichofuata kilihusu mitaro: nani aizibue kabla ya mvua za vuli, kila ploti itoe watu wangapi, na wenye nyumba walete nini. Aliinuka. Sauti yake ilikatika kwenye neno la kwanza, akaanza upya, ikakatika tena. Hakuna aliyemwambia aongeze sauti. Mama yake alikuwa ameshika ukingo wa kiti kilicho kando yake, uso umegeukia mbele, anasikiliza, na Jacklyne akausoma ule mstari wa mitaro mpaka mwisho.